Kwanini taa ya Pixar inaruka, na kwanini chemli yenu isiruke vile

"Habari mtaalamu. Sisi ni vijana watatu hapa Mwanza, tunatengeneza katuni fupi za watoto kwa Blender, ile programu ya katuni za 3D, tunaziweka YouTube na mara mojamoja tunapata kazi ya tangazo. Tunataka intro ya studio yetu iwe kama ile ya Pixar, studio ya katuni ya Marekani, taa inaingia inarukaruka, inakanyaga herufi I alafu inatugeukia. Sisi badala ya taa ya mezani tumeweka chemli, na bahati nzuri jina letu lina I katikati. Tumeirudia mara nyingi lakini haina uhai, inaonekana kama kopo linadunda. Mwenzetu mmoja anasema tatizo ni kompyuta, hatuna mashine kama za Pixar. Mwingine anasema tutashtakiwa. Mimi naona taa ni taa, hamna mwenye taa. Pia nilisikia Pixar walianza na ile taa tangu siku ya kwanza na ndo iliyowapa jina, kwahiyo tunataka na sisi tuanze na kitu kama hicho kabla ya mengine yote. Intro yetu ni sekunde 14. Tushauri."

Asante sana mdogo wangu, na asante kwa kuliandika kirefu, maana humu ndani kuna maswali manne yamefungana: chemli kukosa uhai, nguvu ya kompyuta, mambo ya sheria, na hii ya kutaka kuanza na intro kabla ya kazi yenyewe. Naanza na hii ya mwisho kwasababu naona ndo inayowapotezea muda kuliko zote.

Pixar hawakuanza na taa kama logo. Kampuni ilizaliwa Februari 1986, pale Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipokinunua kitengo cha kompyuta cha kampuni ya filamu ya Lucasfilm kwa dola milioni 5 na kuweka nyingine milioni 5 za mtaji, na wakati huo biashara yao haikuwa katuni, walikuwa wanauza mashine, kompyuta ya kuchakata picha iliyoitwa Pixar Image Computer, wakiwalenga watu kama mahospitali na taasisi za serikali. Katuni zilikuwepo ili kuonyesha mashine na programu zao zinaweza kufanya nini. Alama yao ya mwanzo ilikuwa mraba wenye shimo la duara katikati, ilifanana na uso wa mashine yenyewe. Taa haikuwepo kabisa.

Taa ilikuja Agosti ya mwaka huohuo, na ilikuja kama mhusika. Filamu fupi inaitwa Luxo Jr., aliyeiongoza ni John Lasseter, ina dakika kama mbili tu na ilionyeshwa mara ya kwanza Dallas, kwenye SIGGRAPH, ule mkutano mkubwa wa watu wa michoro ya kompyuta. Ukiitafuta ukaiangalia leo utaona ilivyo nyepesi: kuna taa kubwa, kuna taa ndogo, kuna mpira. Taa ndogo inauchezea mpira, inapanda juu yake, inarukia pale juu mpaka mpira unaishiwa upepo, inainamisha kichwa, inaondoka zake, alafu inarudi na mpira mkubwa zaidi na yule mkubwa anatuangalia kama mzazi aliyechoka. Basi, imeisha. Ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi ya katuni, haikushinda, lakini ilikuwa filamu ya kwanza ya aina yake ya 3D ya kompyuta kufika pale, na mwaka 2014 Marekani wakaiingiza kwenye rejesta yao ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Sasa ile intro unayoijua wewe, taa kukanyaga I, ilianza na filamu yao ndefu ya Toy Story mwaka 1995. Kati ya taa kuzaliwa kama mhusika na taa kuwekwa mbele ya filamu kama logo kuna miaka 9. Na angalia inachofanya kwenye intro: inarukia herufi mpaka inazama. Ni utundu uleule iliofanya kwenye mpira mwaka 1986! Hawakukaa kikao wakabuni kitendo cha logo, walimchukua mtoto ambaye tabia yake ilishajulikana wakampa kitu kingine cha kukanyaga. Ndo maana mtu anaiangalia kwa mara ya mia na bado anatabasamu, kwasababu pale haoni alama ya kampuni, anamuona mtoto mtundu aliyeingia mahali pasipomhusu.

Hii inajirudia kwa wengine. Studio Ghibli ya Japani ilianzishwa 1985, lile jitu Totoro likaja kwenye filamu ya 1988, na baada ya hapo ndo likawa alama yao, mchoro wa mistari kwenye rangi ya buluu, hauruki wala hauongei, umetulia tu. Wale Minions wanaofanya fujo kwenye logo ya studio ya Illumination walitoka kwanza kwenye filamu ya 2010. Lakini nisikudanganye, wapo waliofanya kinyume: mtoto anayevua samaki kwenye mwezi wa logo ya studio ya DreamWorks hakutoka kwenye filamu yoyote, aliuchora msanii Robert Hunt na mtoto wake mwenyewe ndo aliyekuwa mfano wa kuchorea. Kwahiyo inawezekana kuanza na alama. Ila ule mwezi ulikuwa na majina makubwa nyuma yake, watu waliijua kampuni kabla ya kuona filamu hata moja. Nyinyi watatu mnaanza ambapo hakuna anayewajua, na chemli yenu hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kitu chochote. Mtazamaji anakutana na kitu kigeni kinakanyaga jina geni. Atacheka kwasababu gani?

Tuje kwenye kompyuta. Mwambie mwenzako kwa upole kwamba hapana, sio mashine. Laptop yenu yoyote inayofungua Blender ya sasa hivi ina nguvu kuliko kilichoitengeneza Luxo Jr., tena mbali sana. Wale walikuwa na shida hadi kamera kwenye ile filamu haisogei hata kidogo, na nyuma hamna mandhari, kuna meza na giza. Uwezo wa mashine na muda havikuruhusu zaidi ya hapo. Walichofanya ni kuelekeza jasho lote kwenye vitu viwili, mwendo na vivuli. Vivuli vilikuwa kazi kweli kwasababu mhusika mwenyewe ndo chanzo cha mwanga, taa ikigeuza kichwa vivuli vyote vinahama, na taa moja inaitupia mwenzake kivuli. Waliokuwa ukumbini walikuwa wataalamu wa mambo hayohayo, na kuna kisa ambacho Lasseter mwenyewe amekisimulia mara nyingi: baada ya filamu kuisha alimuona Jim Blinn, mmoja wa vigogo wa fani, anamfuata, akajua sasa ataulizwa kuhusu hesabu za vivuli. Blinn akamuuliza, ile taa kubwa ni mama au ni baba? Lasseter anasema hapo ndo alijua kazi imefanikiwa. Mtu aliyeiishi teknolojia hiyo alisahau teknolojia. Kwahiyo mkiona chemli yenu kopo, msikimbilie kununua kadi ya michoro.

Tatizo lenyewe liko hapa, na hapa nataka tukae kidogo. Mmechukua mwendo wa kitu kimoja mkauvisha kitu kingine.

Taa ya mezani ile ya Lasseter ina historia. Mwaka 1932 Mwingereza George Carwardine, injinia aliyekuwa amezama kwenye mambo ya springi za magari, alibuni mkono wa taa unaoshikiliwa na springi kiasi kwamba ukiusogeza popote unakaa palepale ulipouacha, hauanguki wala haurudi. Kampuni ya Herbert Terry kule Redditch, watengeneza springi, wakaitoa kwa jina la Anglepoise. Alafu 1937 Mnorwe Jac Jacobsen akapata haki ya kuitengeneza akatoa ya kwake, Luxo L-1, na taa ya aina hiyo ndo iliyokuwa mezani kwa Lasseter. Iangalie vizuri: chini ina kitako kizito, hapo pana kifundo, kuna mkono wa chini, kuna kiwiko, kuna mkono wa juu, kuna shingo, kuna kichwa. Ina maungo. Na ina springi, yaani hata ikiwa imezimwa mezani unaona kwamba ikikunjwa itataka kukunjuka. Kabla animeta, yaani mtengeneza mwendo wa katuni, hajagusa chochote, kitu chenyewe kinakuambia mimi naweza kuruka.

Ndo maana kuruka kwake kunaaminika. Ukiipitia fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, utaona kitako hakianzi kuondoka. Kwanza kichwa kinashuka, viwiko vinakunjwa, taa nzima inajikusanya chini. Hapo mtazamaji anaambiwa jiandae, kitu kinakuja. Alafu kichwa kinapanda kwanza, kinavuta mkono, mkono unavuta kiwiko, na kitako kinaondoka mwisho kabisa kwasababu ndo kizito. Kule juu kuna kupumua kidogo, inaning'inia. Kutua, kitako kinagonga kwanza na mwili unazidi kushuka baada ya kitako kusimama, kichwa ndo kinafika mwisho na kinanesa kidogo kabla ya kutulia. Chuma chenyewe hakijalainika hata milimita, hakuna mahali pamevutwa kama mpira, ila umbo lote limejibana na kujinyoosha kwasababu ya maungo. Lasseter aliliandika hili kwenye makala yake ya 1987, namna kanuni za zamani za katuni za mkono za Disney zinavyohamia kwenye 3D, na nakushauri muitafute muisome wote watatu, inasomeka.

Chemli sasa. Chemli ina kiwiko wapi? Ina tangi la mafuta chini, ina kioo katikati, ina kofia ya bati juu na zile bomba mbili pembeni, ina kishikio cha waya na kile kidude cha kuzungusha utambi. Mwili wake ni mgumu kuanzia chini mpaka juu. Ukiirusha kwa mwendo wa Luxo lazima itadunda kama kopo kwasababu hakuna pa kujikunja, na kama mmeamua kuukunja mwili wake wote kama mpira basi mmeua bati na kioo, mtazamaji hajui tena ni kitu gani. Na kuna jambo moja ambalo kila mtu aliyekua na chemli nyumbani analijua hata asipolisema: chemli hairushwirushwi. Mafuta yanamwagika, kioo kinapasuka, na anayeicheza hivo anapigwa kelele na mama. Mkiirusha juu ya herufi mara nne mfululizo na kioo kinabaki kizima, mwili wa mtazamaji unakataa hata kama hajui kwanini.

Lakini chemli ina vitu ambavyo taa ya Pixar haina, na hapa ndo naona mmekalia utajiri bila kuuona. Kishikio kinaning'inia, chemli ikisimama chenyewe kinaendelea kwenda, kinagonga bati, kinarudi. Hicho pekee kikifanywa vizuri kinatoa uzito wote mnaoutafuta, kwa hesabu yangu mpeni fremu 10 mpaka 14 za kutulia baada ya mwili kusimama, kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Mafuta ndani ya tangi yanacheza, hatuyaoni ila yanaweza kuuyumbisha mwili kidogo kwa kuchelewa. Alafu kuna moto. Moto wa chemli unapumua, ukipigwa na upepo unalala upande, unakaribia kuzimika, unasimama tena. Utambi ukipandishwa kupita kiasi unatoa moshi na kioo kinashika masizi. Haya yote ni hisia tayari! Chemli inayoogopa inashusha utambi. Chemli yenye hasira inavuta moshi. Chemli inayotaka kuonekana inajizungusha kidude chake polepole na chumba kizima kinang'aa. Hamuhitaji kuiwekea macho, na naomba msiiwekee.

Kuna kitu kingine cha Lasseter mnaweza kukitumia hapa. Alipokuwa anaitafuta taa ndogo, alikuwa amemuona mtoto mchanga wa mfanyakazi mwenzake na akashangaa ukubwa wa kichwa ukilinganisha na mwili, akaenda kupunguza vipimo vya taa kubwa. Lakini hakupunguza kila kitu sawasawa. Mikono na springi aliifupisha, globu akaiacha saizi ileile ya taa kubwa, kwa sababu yake kwamba globu inanunuliwa dukani, haikui pamoja na taa. Hiyo ndo iliyompa mtoto sura ya utoto. Mkitaka chemli mtoto fanyeni vilevile, kioo na utambi viwe vya kawaida maana navyo vinanunuliwa dukani, mfupishe tangi na bomba za pembeni, mtaona tofauti siku hiyohiyo. Mkiipunguza nzima kwa asilimia mtapata chemli ya mbali, hamtapata mtoto.

Na kuhusu I, kuna hesabu nyingine ambayo naona hamkuifanya. Taa ya Pixar ikishaizamisha I inasimama palepale, wima, nyembamba, na jina linaendelea kusomeka kwasababu taa yenyewe imekuwa I. Kwenye WALL-E, filamu yao ya 2008 kuhusu roboti wa jina hilo, waliichezea hiyo: mwishoni kabisa globu ya taa inaungua, WALL-E anakuja kuibadilisha, wakati anaondoka anaiangusha R naye anajikunja kusimama mahali pake. Chemli ni pana, ina tumbo. Ikisimama kwenye nafasi ya I watu watasoma O au watasoma shimo. Jina lenu likipotea kwenye intro inayotangaza jina lenu, mmefanya kazi ya bure. Kama kwenye jina kuna O au A, chemli ikae huko. Kama hakuna, isichukue nafasi ya herufi yoyote, iwe inazimulika tu.

Sasa sheria. Wewe unasema taa ni taa, na kwa kiasi fulani uko sahihi, wazo la kifaa kuwa hai halina mwenyewe. Lakini kinacholindwa ni namna wazo lilivyotekelezwa, na nyinyi hamkuchukua wazo peke yake, mmechukua mpangilio: inaingia, inafika kwenye I, inairukia mpaka inazama, inageuka kutuangalia, giza. Mtu yeyote akiona sekunde tatu atasema Pixar. Kubadilisha taa ya mezani kuwa chemli hakuondoi hilo. Kama ni kichekesho cha mara moja huenda hakuna atakayewafuata, lakini alama ya studio ni kitu mnachokibandika kwenye kila kazi, pamoja na matangazo mnayolipwa, na hapo mnaiweka pia kazi ya mteja kwenye hatari ya video kuondolewa. Na hata Pixar wenyewe yaliwakuta kuhusu hii taa: mwaka 2009 kampuni ya Luxo ya Norway iliwapeleka Disney na Pixar mahakamani New York. Ile filamu ya zamani na intro haikuwa imewasumbua, kilichowasumbua ni taa halisi zenye jina la Luxo kuanza kuuzwa pamoja na toleo maalumu la diski za filamu yao ya Up. Kesi iliisha kwa makubaliano. Kwahiyo ile kauli ya hamna mwenye taa iweke pembeni, hasa siku mtakapotaka kuuza fulana na midoli ya chemli yenu. Chemli ya kawaida kama umbo haina shida, ila ichoreni wenyewe, msichukue modeli ya kampuni fulani yenye nembo yake kwenye tangi.

Kuna la sekunde 14 pia, nalo sio dogo. Logo ndefu zinavumilika sinema kwasababu mtu ameshakaa kitini, taa zimezimwa, analipia kutulia, na zile sekunde zinamsaidia kuingia kwenye hali ya kuangalia. Mtoto wa Mwanza ameshika simu ya mama yake na bando linaenda. Nyinyi kwa YouTube msizidi sekunde 3, na mimi ningeiweka baada ya tukio la kwanza la katuni, sio mwanzoni. Ndefu ibaki kwa siku mtakapoonyesha kazi kwenye tamasha au ukumbini. Ila hizo mbili zitengenezeni pamoja, fupi iwe kipande halisi cha ndefu, na muangalie inavyokaa kwenye simu iliyosimama wima maana jina refu likibanwa pale linakuwa mistari ya sisimizi.

Sauti msiisahau, kwa kazi ya sekunde 3 sauti ni nusu yake. Sauti za Luxo Jr. alizitengeneza Gary Rydstrom, na zile milio ya springi na bati ndo zinakwambia ni mtoto kabla hujamuona vizuri. Nyinyi tafuteni chemli halisi, bado zipo madukani, mrekodi kishikio kikigonga bati, kidude kikizungushwa, kioo kikinyanyuliwa na kurudishwa, kiberiti kikiwashwa. Rekodini usiku mji ukitulia, simu nzuri inatosha. Msichukue milio ya bure ya intaneti ambayo iko kwenye kila video.

Mfanye nini basi? Njia ya kwanza ni kuendelea na hiyo mliyonayo, siishauri, kwa sababu nilizozitaja. Ya pili ni kuiacha intro kabisa na kuandika jina tu kwenye kona, na sio aibu, inafaa hata leo. Ya tatu ni ya Ghibli, mchoro mmoja wa chemli umetulia na jina chini, moto pekee unacheza, hiyo mnaimaliza ndani ya siku chache na haina deni na mtu. Ya nne ndo ninayoipenda: tengenezeni katuni ya dakika moja na nusu ya chemli yenyewe. Kamera imesimama, meza moja, giza nyuma, chemli mbili au moja, bila maneno. Mpeni tatizo linalotokana na mwili wake, upepo wa dirishani, mafuta yanayoisha, nondo anayezunguka kioo. Itazameni na watoto wa mtaani kwenu bila kuwaambia chochote, muone wanacheka wapi na wanasogea wapi. Kitendo kitakachowafanya waseme rudia, hichohicho kikateni kiwe intro. Na kama hakuna kitakachowafanya waseme rudia, mtakuwa mmegundua mapema kwamba chemli sio mhusika wenu, bora mjue hapo kuliko baada ya kuibandika kwenye kazi hamsini. Wakati hiyo inapikwa tumieni ya tatu, haziumizani.

Mimi hapa siwezi kuona faili yenu, na kuna mambo hayatatuliki kwa maandishi. Kama mmefuata haya yote na chemli bado inadunda, tafuteni animeta mzoefu akae na nyinyi kwenye kompyuta mbele ya kile kidirisha cha mikondo ya mwendo, nusu saa ya mtu anayeona kwa jicho inazidi kurasa zangu, mara nyingi tatizo ni kitu kidogo tu, vipande vyote vimeanza na kusimama kwenye fremu moja. Na kwenye upande wa sheria, mkishaamua alama ya mwisho na kabla hamjaichapisha kwenye fulana au kuiweka kwenye mkataba wa tangazo, muoneni wakili anayeshughulika na alama za biashara ana kwa ana. Alama inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, mambo ya hakimiliki ya katuni yenyewe ni COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na mkiwa na mpango wa kuuza kazi Zanzibar au Kenya mwambieni wakili mapema kwasababu usajili wa Tanzania Bara haufiki huko. Kila mmoja wenu nyinyi watatu aandike pia nani amechora nini, nani amefanya sauti, na alama ni ya nani siku mmoja akiondoka, msaini wote. Nendeni na michoro yenu ya mwanzo yenye tarehe, hata ile ya penseli kwenye daftari, wakili ataiulizia.